Hai au Maiti, Saa Nane

Simu ya Filomena ilinikuta nimelala chali chini ya jukwaa, natafuta waya ambao panya walikuwa wameutafuna. Nikaipokea kwa kidole kichafu nikiwa nimeshatayarisha la kumwambia baba yake: kwamba aje Iringa haraka, mboga yake ya panya imejaa ghalani.

"Shangazi," Filomena akasema, "Baba ametutoka."

Nikacheka. Nilicheka mpaka paji la uso likagonga ubao.

Usinihukumu bado. Mzee Gaudensi Mapunda alikuwa Mngoni wa Songea na mimi ni Mhehe, na kufa kwake hakukuwa habari mpya. Mwaka jana alikufa kwa sababu hakutaka mazoezi ya Jumatatu. Kabla ya hapo alikufa vizuri zaidi: tulichanga rambirambi, nikajifunga kanga nyeusi, nikapanda basi mpaka Songea, nikamkuta barazani anakula ugali. Akaniuliza kama nimemletea paja la mbwa, maana kwa Wangoni kila Mhehe hula mbwa. Babu zetu walichinjana vitani mpaka wakachoka, wajukuu wakakubaliana kwamba vita iliyobaki iwe ya mdomo, na ndio huo utani wetu. Mtani akikwambia amekufa, unamwuliza kaburi lina vyumba vingapi.

"Mwambie afe vizuri, asife nusunusu kama alivyozoea," nikamjibu Filomena. "Tena mwambie hivi: hai au maiti, saa nane namtaka jukwaani."

Akasema, "Haya, shangazi," akakata.

Khatibu, fundi wetu wa mitambo, aliinua uso kutoka mezani kwake akanitazama. Ni kijana wa Wete, Pemba, mpole, hasemi neno mpaka alitafute kwanza.

"Umesema hai au maiti, Mama?"

"Umenisikia," nikasema, nikarudi kwa panya wangu.

Siku yenyewe ilikuwa hiyo. Mfuko wa Sanaa za Mkongo ulikuwa unakuja kutukagua. Nchi ilikuwa imechimba mitaro na kulaza mkongo mnene wa intaneti mpaka kata ya mwisho, kisha wakubwa wakagundua kwamba wananchi wanautumia kutazama mpira na kusutana. Wakaanzisha Mfuko: msanii atakayeonyesha jambo lisilowezekana bila mkongo, afadhiliwe. Sisi, kwa onyesho letu la ngoma na utani kati ya Iringa na Songea, tulipewa fedha za mbegu, za kuanzia tu. Leo wangeamua kama tunapata za miaka mitatu au tunakatiwa laini. Kiwanja changu cha Kihesa nilikwishakiuza kununua vifaa, na wapiga ngoma wangu walikuwa wameacha vibarua vyao kwa neno langu tu. Laini ikikatwa, ukumbi wetu unarudi kuwa ghala la tumbaku, na mimi narudi kukaanga chipsi stendi na umri huu nilio nao. Sharti la kwanza la Mfuko lilikuwa fupi: pande zote mbili wawe watu hai, kwa wakati mmoja.

*

Saa nane wakaguzi walikuwa wameshakaa. Mwenyekiti wao, Bwana Rwechungura, mtu wa Bukoba mwenye sauti ya chini, aliitikia kwa kichwa kunipa ruhusa, nami nikapanda jukwaani na gwanda langu.

Gwanda ni vazi la kubana, limejaa nyuzi zinazosoma msuli, joto na pumzi. Wewe ukivaa lako Iringa na mwenzako akavaa lake Songea, kivuli cha kila mmoja kinasimama mbele ya mwenzake, kivuli cha mwanga chenye sura na rangi, na ukikishika mkono unausikia mkono. Mzee Gaudensi alikuwa na miguu iliyochoka safari, kwa hiyo tulimsimikia nguzo nne za mwanga uani kwake, mtaa wa Lizaboni, akawa anafanya kazi mbele ya kuku wake.

Khatibu akawasha mitambo. Mzee akatokea.

Moyo wangu ukatulia, maana tangu simu ile ulikuwa na wasiwasi kidogo ambao sikutaka kuusikiliza. Huyo hapo, kifua mbele, kofia imeinamia sikio. Nikajisemea: mwongo mkubwa wewe, umefufuka tena.

"Kamwene, Mhehe!" akaita kwa salamu ya kwetu. "Mbona leo hakubweki kitu huko kwenu? Mmewamaliza?"

Ukumbi ukacheka.

"Tumekubakishia mmoja," nikamjibu, "ila huyo ana meno, na wewe..."

"Na mimi sina, nitammeza mzima!" akadakia.

Kudaka huko lazima nikueleze. Utani una mwendo wake. Ukichelewa hata nusu pumzi unageuka tusi, na matusi huleta mawe. Mwanga husafiri upesi, lakini gwanda hupeleka mambo mengi mno, na kila kituo njiani kinajikatia muda wake. Kwa hiyo Khatibu alitengeneza kijazio. Ni programu inayomsoma mtu kwa miezi mpaka ikajua atakachofanya, ikakifanya kabla habari yake haijafika, halafu habari ikifika inajisahihisha. Kulikuwa na kijazio cha Mzee kwa ajili ya Iringa na kijazio changu kwa ajili ya Songea, kila kimoja kikitangulia nusu pumzi, basi. Mchana ule Mzee alinidaka vizuri kuliko siku zote, na mimi nikafurahi kama mjinga.

Ngoma zikapanda. Akaruka lizombe, ngoma ya kwao, miguu ikapiga chini, ukumbi ukapiga makofi. Nikamsubiri akohoe. Kila baada ya kuruka Mzee Gaudensi alikuwa anakohoa, anashika goti, anasingizia vumbi la miguu yangu, na mimi nilikuwa na maneno yangu ya kumwambia hapo. Hakukohoa. Akaruka tena, juu zaidi, mzee wa miaka sabini na kitu, akatua akicheka.

Nikamshika mkono kama tulivyopanga. Ulikuwa na joto la kutosha. Lakini mkono wa Gaudensi ulikuwa unatetemeka tangu alipougua masika yaliyopita, na huu ulikuwa umetulia kama wa kijana wa jeshi.

Ndipo nikafanya jambo ambalo sijawahi kumfanyia tangu tufahamiane. Nilimwomba radhi.

"Gaudensi," nikasema kwa sauti ya chini, "nisamehe kwa maneno ya asubuhi."

Gaudensi ninayemjua angesimamisha kila kitu. Angewaita kuku wake wawe mashahidi kwamba Mhehe ameomba msamaha, na angeila habari hiyo mpaka kiama. Kivuli kilifungua mdomo, kikasita, kisha kikasema, "Ndiyo maana mbwa wenu wanahamia kwetu!" na kikacheka kicheko ambacho nilikwishakisikia mazoezini, kile kile, na mwinuko ule ule mwishoni.

Ukumbi ukacheka nacho. Mimi niliuachia mkono.

*

Niliwapa wapiga ngoma ishara waendelee peke yao, nikaenda nyuma ya pazia kwenye meza ya Khatibu.

"Mzee yuko wapi?"

Khatibu hakuondoa macho kwenye vioo vyake. "Yuko nyumbani kwake, Mama. Wamemlaza chumbani. Filomena alinipigia mara tu baada ya kuzungumza nawe."

"Na wewe ukaamini?"

"Mimi si mtani wao. Nikiambiwa mtu kafa, nasema innalillahi. Nitaanzaje kucheka?"

"Na usiniambie!"

"Ulikwishaambiwa, tena mbele yangu. Ukasema hai au maiti, saa nane unamtaka jukwaani." Akanitazama kwa mara ya kwanza, macho yake mekundu. "Niliona una moyo mgumu, lakini nikasema labda ndivyo kazi zenu zilivyo. Nikaondoa ukomo wa kijazio, ile nusu pumzi. Kinakwenda chenyewe tangu mwanzo."

Nikakaa juu ya sanduku la nyaya. Nilitaka kumkasirikia nikakosa pa kuanzia. Kijana alikuwa ametii amri yangu. Nilimwona Filomena ameshika simu pembeni ya kitanda cha baba yake, nami ninamcheka sikioni.

"Hawajui," Khatibu akasema. "Kimebaki kipande cha mwisho. Ukirudi ukakimaliza, watatia saini kabla ya chai."

Alikuwa anasema kweli, na mimi sitajifanya malaika: nilifikiria. Nilikifikiria kiwanja cha Kihesa. Nikawafikiria wapiga ngoma waliokuwa wanatoka jasho upande wa pili wa pazia bila kujua wanampigia nani. Nikasema hata Gaudensi mwenyewe angecheka. Na angecheka, namjua. Lakini kwanza angetaka kuambiwa.

Nikafungua pazia.

*

Niliinua mkono, ngoma zikanyamaza. Kivuli kiliendelea kuyumba taratibu nyuma yangu.

"Waheshimiwa," nikasema, "Mzee Gaudensi Mapunda amefariki leo asubuhi. Mimi nimejua sasa hivi. Huyu mnayemwona ni mashine inayomkumbuka."

Mpiga ngoma mmoja alipiga ukelele. Kalinga, mkubwa wao, aliuweka mkono juu ya ngozi ya ngoma yake kana kwamba inaweza kulia yenyewe. Bwana Rwechungura alisimama, akapanda jukwaani, akakisogelea kivuli mpaka mwanga wake ukamwangukia usoni. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Hakufoka.

"Tangu mwanzo alikuwa huyu?"

"Tangu mwanzo."

"Nimekagua kazi za mkongo nchi nzima," akasema, "na sikujua."

Akarudi kwa wenzake, wakainamiana, wakanong'ona. Nilisimama pale na kivuli changu kama watu wawili wanaongoja hukumu moja. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umelainika.

"Bi. Editha, sharti la watu hai tuliliandika sisi, na sisi tunaweza kuliondoa. Babu yangu alikuwa mpiga nanga, kinanda cha nyuzi cha kwetu. Alikufa na tenzi zake zote kifuani, hatukuushika hata mmoja. Laiti tungekuwa na kitu kama hiki..." Akasafisha koo. "Tutawapa za miaka mitatu, na nyongeza juu. Mwendelee na huyu huyu. Kisha mwende kwa wazee wengine kabla hawajatutoka."

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Haukuwa uovu alioutaka yule bwana. Alikuwa anamlilia babu yake, na kila mmoja wetu ana wa kumlilia.

Kivuli kikachoshwa na ukimya. "Mhehe akinyamaza," kikasema kwa sauti kubwa, "ujue kuna jirani kapotelewa na mbwa!"

Hakuna aliyecheka, na chenyewe hakikujali. Gaudensi, utani wake ukianguka chini, alikuwa ananuna wiki nzima, hapokei hata simu. Hiki kilisimama pale kikitabasamu, tayari kusema kingine.

"Niwaulize wenyewe kwanza," nikasema, nikampigia Filomena, sauti ikasikika ukumbi mzima. Nyuma yake wanawake walikuwa wanalia.

"Filo, mwanangu. Nilidhani ni utani."

"Najua, shangazi." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mama alisema, huyo Mhehe atacheka kwanza. Unakuja lini?"

"Filo, kuna jambo nataka..."

"Watu wanalia tu tangu asubuhi," akanikatiza. "Hajafika mtani hata mmoja. Mama amejifunika kanga, hasemi. Tutamlazaje Baba humo ndani kimya kimya hivi, kama mtu ambaye hakuwa na watani?"

Sikumwuliza tena nililotaka kumwuliza.

Kwetu msiba usio na mtani ni msiba uliopooza. Mtani anaingia kwa kelele, anatembea kama marehemu, anaongea kama marehemu, anamtukana maiti pale alipolala, mpaka wafiwa wakumbuke kuvuta pumzi. Kumwigiza aliyekufa ni haki yetu, hakuna anayeweza kutunyima. Ila tunamwigiza mbele ya watu wanaojua kwamba amekufa.

Basi la Songea lilikuwa limekwishaondoka. Lakini nguzo nne za mwanga zilikuwa uani kwake.

"Khatibu, nitume Lizaboni."

Akatikisa kichwa. "Tangu nimwondolee ukomo, Mama, kijazio chake kimekula nafasi yote ya mitambo, yake na yako. Sina namna ya kumpunguza. Nikikupitisha wewe, yeye anafutika, na harudi."

"Nakala ipo?" Bwana Rwechungura akauliza haraka.

"Hatukuwa na fedha ya nakala," Khatibu akajibu.

Mwenyekiti akanigeukia. Sauti yake ilikuwa bado ya chini, lakini ilikuwa imekaza. "Bi. Editha, nisikilize vizuri. Ukimfuta huyo, hatuna tena cha kufadhili hapa. Nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa."

"Nimeambiwa, mwenyekiti."

Niliwatazama wapiga ngoma, kwa sababu ugali ninaoumwaga ulikuwa wao pia. Walikuwa wanatazama chini. Kisha Kalinga akavua kofia yake, kama mtu anavyovua akiingia penye msiba, na wengine wakavua.

"Mfute," nikasema.

Khatibu alinong'ona maneno ya dua. Kivuli kilikuwa kimeanza kucheka kitu, sijui nini, na katikati ya kicheko mahali pake pakabaki patupu.

*

Walikuwa wamefunga turubai la msiba kwenye zile nguzo nne, kwa hiyo nilitokea katikati ya watu. Wanawake mikekani, wanaume kwenye viti vya plastiki, kuku wakatawanyika. Mama mmoja akaita, "Yesu na Maria!" Filomena alisimama mlangoni, mikono kichwani. Bi. Oresta, mke wa marehemu, alikuwa amekaa ameegemea ukuta, kanga imemfunika mpaka kidevuni.

Nyuma yangu, Iringa, nilisikia viti vikisogezwa na viatu vikielekea nje. Wakaguzi walikuwa wanaondoka. Sikugeuka, maana ningegeuka ningewapa wafiwa mgongo.

"Hodi!" nikafoka kwa sauti ya Gaudensi. "Mbona mnalia kama mmeporwa sahani ya panya? Nani kafa hapa?"

Nikatembea kama yeye, kifua mbele, makalio nyuma. Nikakaa kwenye kigoda kisichokuwapo, nikainuka kwa taabu, nikakilaani kigoda kwamba kila mwaka kinazidi kuwa kifupi. Kimya. Nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote, lakini kimya kama kile sijawahi kukutana nacho. Nikasema moyoni, wamenikataa, na wana haki ya kunikataa. Nikaendelea, kwa sababu mtani akishaingia haachii njiani.

Nikalielekea dirisha la chumba alicholazwa.

"Gaudensi! Toka huko! Umejifungia kwa sababu umesikia Mhehe anakuja? Babu yako alitukimbia kwa miguu, wewe umeona uvivu, umetukimbia kwa kulala!"

Mwanamume mmoja nyuma kabisa alitoa mlio puani. Akajifanya anakohoa. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akauma ncha ya kanga yake, mabega yakamcheza.

Bi. Oresta akafunua uso. Macho yalikuwa yamevimba hata kope hazionekani. Aliinuka polepole, akaenda kwenye kiti ambapo gwanda la mumewe lilikuwa limetundikwa, akachomoa glavu moja tu, akaivaa. Akaja mpaka mbele yangu akanishika mkono.

Iringa, jukwaani, nilisikia mkono ambao sijawahi kuushika. Ulikuwa mdogo, kiganja kigumu kwa jembe, wa moto kwa kulia, na mshipa wake ulikuwa unakimbia ovyo. Ulinibana mpaka nikaumia. Machozi yakaanza kunitoka, na gwanda halifichi kitu; kila chozi lililoshuka Iringa lilishuka na Songea.

"Mhehe," Bi. Oresta akasema, "unalia?"

Mtani halii msibani. Ua wote ulikuwa unanitazama, hata wale waliokuwa wanalia walikuwa wamenyamaza wasikie.

"Nilie mimi? Kwa ajili ya Mngoni?" nikasema. "Ni moshi tu. Huku tunamchoma mbwa wa kuwaletea, na ni mnono kuliko marehemu."

Bi. Oresta akacheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu pamoja na kilio, akacheka mpaka miguu ikamwishia akakaa chini, na kwa kuwa alikuwa hajaniachia mkono, akanivuta na mimi nikakaa. Nikakaa pale kwenye mbao tupu, ukumbi hauna mtu isipokuwa wapiga ngoma walioshika kofia zao, nikawasikiliza Wangoni wa Lizaboni wakimcheka maiti wao.